Mpira wa Kabatini

Kitu chochote ulichomtia Fundi mkononi, alikipima kwanza. Ukimpa kikombe cha chai alikinyanyua na kukishusha mara mbili, taratibu, ndipo akakipeleka mdomoni. Mkate, funguo, simu, kitasa kibovu, vyote alivifanyia hivyo hivyo. Nilipojifungua mtoto wangu wa pili nikampeleka kwake amuombee dua, akamlaza kwenye viganja viwili, akamnyanyua, akamshusha, akasema, "Huyu mzito kuliko alivyokuwa dada yake."

Mama yangu akamwambia, "Fundi, huyo mtoto, si jiwe."

"Najua," akajibu. "Jiwe halijapata kunikojolea."

Na kweli kanzu yake ilikuwa imerowa mpaka magotini.

Alikuwa jirani yetu Mji Mkongwe, kwenye kichochoro ambacho watu wawili wakikutana mmoja hana budi kugeuka ubavu. Aliishi chumba cha chini cha nyumba inayotazamana na yetu. Kazi yake ilikuwa uashi, lakini si uashi wa matofali na saruji tunaouona Mwanakwerekwe na Tunguu. Yeye alikuwa mwashi wa nyumba kongwe, za mawe na chokaa. Jina analo, na mtaa mzima unalijua, ila sikumbuki kumsikia mtu akilitaja. Mafundi wengine walihitaji neno la pili: fundi bomba, fundi umeme, fundi cherehani. Yeye alikuwa Fundi, basi.

Nimejaribu mara nyingi kumueleza kwa watu wasiomjua, na kila mara najikuta naanza na msichana mmoja na mpira. Lakini Fundi alikuwepo kabla ya msichana huyo, na nisipokuonyesha kwanza alivyokuwa, hutofahamu tulichokipata kwake, wala tulichokipoteza.

Chukua habari ya chokaa. Chokaa ikishachomwa haitumiki siku ile. Hutiwa maji shimoni ikakaa miezi, ikalainika kama siagi. Fundi alikuwa na pipa lake uani, na kila asubuhi alifunua kifuniko akaichungulia kama mtu anayemwangalia mgonjwa. Saruji aliidharau. Aliiita Bwana Haraka. "Bwana Haraka kaja tena," alisema akiona gari la mifuko limekwama kwenye kona. Alinifundisha kwamba ukuta wa zamani hunyonya maji na kuyatoa, na ukiupaka saruji unauziba pumzi. Maji yanabaki ndani, ukuta unaoza ukiwa bado mzuri kwa nje. Mimi ni mwalimu wa sayansi, na maelezo yale nimeyatumia darasani miaka yote. Sijapata bora kuliko hayo.

Kusifu hakujui. Siku moja alipita mbele ya lipu aliyoipiga mwashi mwenzake, mtu mzima mwenye watoto, akasimama. "Lipu hii umeipigia mkono wa nani?"

"Wangu, Fundi."

"Hapana. Wako naujua. Jana haukuwa mbaya hivi."

Watu wakacheka, mwenyewe akacheka kwa shida, kisha akaikwangua yote akaanza upya. Alipomaliza, Fundi akarudi, akaitazama, akasema, "Haya." Neno hilo ndilo lililokuwa cheti chake. Kuna watu walifanya kazi naye mwaka mzima wasilipate.

Na kuna kurusha. Nilikuwa na miaka tisa ukuta wa juu ya paa letu ulipotengenezwa. Mwenziwe alikaa kwenye jukwaa, juu kabisa, na Fundi alisimama chini kichochoroni na rundo la mawe. Hakuyapandisha kwa kamba. Aliyarusha. Mkono ulianzia nyuma ya paja, ukapita karibu na nyonga, ukaachia. Jiwe likapanda moja kwa moja, likafika usawa wa mwenziwe, likawa kama limesimama kidogo hewani, naye akalichukua kama anavyochuma mtu tunda. Siku nzima. Bibi yangu alikaa dirishani akiwa na hofu ya vioo vyake, mpaka adhuhuri akachoka kuogopa akenda kupika.

Nikamuuliza Fundi, hukosi vipi, na kila jiwe ni jengine?

"Ndiyo maana sikosi," akasema. "Kila jiwe ni jengine, na mimi najua. Nalipima kwanza. Halafu silitazami tena. Namtazama yule mikono yake. Mie sirushi jiwe, nampa mtu."

Sasa nikwambie upande wa pili, kwa sababu mtu huyu hakuwa mawe matupu yaliyopangwa sawa.

Alichukia ubahili. Akiona mtu amezima feni dukani huku wateja wanatoka jasho, alimsema papo hapo. Lakini chini ya kitanda chake alikuwa na mwiko mpya wa kupigia lipu, aliopewa na fundi aliyemfundisha, siku alipohitimu. Chuma chake safi, mpini wake haujapata jasho. Ulikuwa umefungwa kwa kitambaa cheupe. Mara moja alinionyesha, akaufungua, akaupima mkononi, akaufunga. Kazi zake zote alizifanya kwa mwiko wa zamani uliolika mpaka ukabaki kama jani la mkungu lililoliwa na dudu.

"Huu unaungojea nini?" nilimuuliza.

"Kazi kubwa."

"Ipi?"

"Ikija ntaijua."

Na vidonge navyo vilikuwa hivyo hivyo. Daktari alimwambia ana presha, akampa dawa ya kila siku. Nikaja kugundua kwamba mtoto wa meza, yaani droo, umejaa pakiti zisizofunguliwa. Nikamueleza kwa upole, kama ninavyowaeleza wanafunzi: presha haina lazima ikuumize ndipo ujue ipo, dawa hii hufanya kazi kwa kunywewa kila siku, si siku ya kuumwa tu.

"Leo sisikii kitu, mwanangu," akasema. "Nkisikia ntakunywa. Kwa nini nizimalize bure?"

Nilirudia siku nyengine, na nyengine. Alinisikiliza kwa adabu, akavirudisha ndani.

Sasa nije kwenye mpira. Wageni fulani walifika skulini kwetu, Mwanakwerekwe, wakatuachia gunia la vifaa vya softboli: glavu, magongo, kofia ngumu na mipira minne. Mwalimu Mkuu akanikabidhi mimi. "Wewe si unasomesha mambo ya kani na mwendo?" akaniambia. Hiyo ndiyo sababu nzima iliyonifanya niwe kocha.

Mchezo wenyewe si mgumu kuufahamu. Mrushaji husimama katikati, akazungusha mkono kwa chini karibu na nyonga, akaupeleka mpira kwa mdakaji aliyechuchumaa. Baina yao, pembeni kidogo, yupo mpinzani mwenye gongo. Mpira ukipita mahali pake, mpinzani lazima aupige au akose. Ukienda ovyo mara nne, mpinzani anapewa nafasi ya bure. Kwa hiyo timu nzima inaning'inia kwenye mkono mmoja.

Mkono wetu ulikuwa wa Zuwena, Kidato cha Pili, mrefu, mkimya, binti wa muuza mbatata wa soko la hapo hapo. Siku ya kwanza aliporusha vizuri, mpira ulipiga kwenye glavu ya mdakaji kwa mlio wa mlango wa mvule unaofungwa. Sote tuligeuka. Wiki ya pili, mechi nyengine, mpira ule ule ulikwenda mchangani, ukaruka juu ya kichwa cha mdakaji, ukampita mpinzani mgongoni. Wiki ya tatu akarudi kuwa mzuri. Ya nne akaharibu tena.

Sikuelewa. Nilimuuliza kama amekula, amelala, anaumwa. Nilimbadilisha viatu. Nilimchorea ubaoni mviringo wa mkono na mahali pa kuachia. Wenzake wakasema ni jicho, na walikuwa na ushahidi: Zuwena aliharibu zaidi tulipocheza nyumbani, mbele ya watu wa kwetu. Mama yake akamfanyia kombe, aya zikaandikwa kwa zafarani kwenye sahani, zikaoshwa, akanywa. Mechi iliyofuata, ugenini, alirusha vizuri ajabu. Iliyokuja, kwetu, aliharibu kuliko zote. Basi pakawa hapana tena mahali pa kukimbilia.

Wasichana ni wakali bila ya kujijua. Ikawa kila Jumamosi akitokea kiwanjani mmoja anauliza kwa sauti, "Leo kaja yupi?" Kwa maana kwao walikuwapo Zuwena wawili. Mwanzo alicheka nao. Halafu akawa anatabasamu. Halafu hata kutabasamu akaacha.

Siku aliyompiga mpinzani mbavuni, yule mtoto wa watu alianguka akakosa pumzi kwa muda ulioonekana mrefu sana. Akanyanyuka salama, alhamdulillahi. Aliyebaki chini alikuwa Zuwena. Alikaa pale katikati ya kiwanja akiutazama mkono wake wa kulia.

"Mwalimu," akaniambia, "mkono huu si wangu."

Baba yake akanijia Jumatatu, amesimama mlangoni pa darasa na aproni ya sokoni.

"Mwalimu, mie sikatai mchezo. Watu wamesema mengi kuhusu mtoto wa kike na mchezo, sikuwasikiliza. Lakini kila Jumamosi narudishiwa mtoto analia kama kafiwa. Hali. Haongei. Ile siku ya majaribio Tunguu nitakuja mwenyewe. Akirudi vile tena, basi, muache. Nakuomba na wewe umuache."

Majaribio yale yalikuwa ya kuchagua timu ya Unguja ya skuli, watakaosafiri kwenda Dar. Yalibaki majuma matatu. Zuwena alikuwa anayataka kwa namna ambayo hakuweza hata kuitamka; aliandika jina la mji ule nyuma ya daftari lake nililolisahihisha, akalifuta, lakini alama ya kalamu ilibaki. Na mimi sikuwa na la kumpa. Jioni ile nilirudi nyumbani nikakaa kwenye baraza, na machozi yakanitoka mbele ya Fundi.

"Bi Sayansi," akasema, "leo umevunjika wapi?"

Nikamueleza. Alisikiliza huku anapima kokwa ya tende kiganjani.

"Niletee huo mkono niuone," akasema. Halafu akabadilisha. "La. Ntakuja mwenyewe."

Alikuja siku ya pili baada ya laasiri, na shati lake lenye madoa ya chokaa. Wasichana wakamuamkia kwa pamoja, "Shikamoo, Fundi," akajibu marahaba bila ya kuwatazama. Akageuza ndoo akakaa. Nilitarajia atamwangalia Zuwena. Hakumwangalia hata mara moja. Aliangalia gunia.

"Mipira ya mazoezi mingapi?"

"Mitatu," nikasema.

"Nipe."

Akafumba macho. Akaunyanyua wa kwanza, akaushusha. Wa pili. Wa tatu. Akarudia.

"Mwalimu, hii si mipira mitatu. Hivi ni vitu vitatu."

Mmoja ulikuwa wa wageni, lakini ngozi ilipasuka, na fundi viatu wa sokoni akautia joho la turubai. Mmoja ulikaa juu ya bati la darasa masika nzima, ukajaa maji, ukakauka ukawa kama jiwe la pwani. Wa tatu tuliufanya wenyewe, baada ya mmoja kupotea maguguni: matambara ya khanga yaliyozongwa kwa mpira wa tairi la baiskeli. Kila siku mtoto alichukua uliomuangukia.

"Na wa mechi?"

"Wa mechi upo kabatini kwa Mwalimu Mkuu. Ule mpya. Tunautoa siku ya kucheza kwetu."

Fundi akafumbua macho. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumuona akicheka kwa sauti, na hakikuwa kicheko cha furaha.

"Mie jiwe nikilirusha najua hili si lile. Huyu mnambadilishia jiwe kila siku, mnamwambia ni lile lile. Halafu mnamuuliza ana nini."

Tukautoa mpira wa kabatini, umefungwa tena kwenye karatasi yake, tukaupeleka duka la pembeni lenye mzani wa sahani mbili. Mwenye duka akaweka mpya upande mmoja na ule wa matambara upande wa pili. Ikabidi aongeze betri mbili za tochi upande wa ule mpya ndipo sahani zikalingana. Ule wa masika nao ukauzidi ule mpya kwa betri nzima. Nilisimama pale nikaona miezi yote inapita mbele yangu. Nyumbani tulicheza na mpira mpya, ambao mkono wa Zuwena haukuwahi kuujua. Ugenini tulicheza na mipira ya wenyeji, mikongwe, iliyochakaa kama yetu. Wiki ambayo mpira ulifanana na tuliofanyia mazoezi, alikuwa malkia. Jicho halikuwepo. Lilikuwepo kabati.

Na usidhani nasema hivi kumcheka Mwalimu Mkuu. Mama yangu ana kabati la vioo lenye sahani za maua ambazo mimi mwenyewe, mwanawe, sijapata kulia. Sote tumelelewa hivyo: kilicho kizuri huwekwa kwa ajili ya watu. Hakuna aliyemfanyia Zuwena ubaya. Tulikuwa tunamtunzia.

Mwalimu Mkuu alikataa kwanza. "Ukichakaa, tutacheza na nini mbele za wageni?"

Fundi, aliyekuja na mimi mpaka ofisini, akamjibu, "Bwana Mkubwa, mbele za wageni ndipo mtoto anapoadhirika. Mpe auchakaze."

Tukapewa.

Ningependa kukwambia kuanzia hapo mambo yalinyooka. Hayakunyooka. Mkono uliokwisha kujiogopa haurudi kwa kupimwa dukani. Wiki ya kwanza alirusha vibaya hata kwa mpira ule mpya, na sasa hakuwa na la kusingizia, ikawa ndiyo balaa zaidi. Alirusha, ukenda pembeni, akaukimbilia mwenyewe kuuokota. Fundi alimfumbisha macho akampa mipira minne mmoja mmoja. "Upi huu?" "Wa turubai." "Huu?" "Wa masika." "Huu?" "Wa kabatini." Kisha akamwambia amtazame mdakaji mikono, sio uso, sio gongo la mpinzani.

"Huo umemrushia nani?" aliuliza ukienda ovyo. "Mtu huyo yupo hapa? Mbona simuoni?"

Mdakaji wetu, mtoto mwenye maneno, akasema, "Fundi, labda kamrushia yule Zuwena mwengine."

Fundi akamgeukia. "Mwengine hayupo. Yupo huyu mmoja na mipira minne. Rudisha."

Sikuwahi kumuona Zuwena akisimama wima kama alivyosimama dakika ile. Lakini mpira uliofuata nao ulikwenda mchangani.

Tukaendelea. Mimi nilimtia moyo kila alipokosa, Fundi alisema "Tena." Mpaka siku mbili kabla ya Tunguu, jua linapokaribia kuzama nyuma ya mabati, Zuwena akarusha mipira kadhaa mfululizo, kila mmoja na mlio wake wa mlango. Fundi akanyanyuka kwenye ndoo, akakung'uta suruali.

"Haya," akasema.

Nikamueleza Zuwena neno lile lina uzito gani. Akageuza uso ili nisimuone.

Asubuhi ya majaribio Fundi alitakiwa aje na sisi. Nilimgongea, akajibu kutoka ndani kwamba kichwa kinamsumbua kidogo, tutangulie, atafuata. Nilikuwa na haraka. Hilo nimelirudia moyoni mara nyingi: nilikuwa na haraka.

Tunguu wateuzi walileta mpira wao, mpya unaong'ara, unaoteleza kama samaki. Baba Zuwena alisimama peke yake pembeni ya uwanja, mikono kifuani. Mipira minne ya mwanzo ya Zuwena ilikwenda ovyo yote. Minne iliyofuata, ovyo. Nikasikia nyuma yangu, kwa kunong'ona, "Kaja yule." Nikataka ardhi inimeze.

Halafu Zuwena akasita. Akauweka mpira kiganjani. Akaunyanyua, akaushusha, mara mbili, taratibu, mbele ya watu wote, kama mtu aliyepo peke yake. Akamtazama mdakaji mikono. Akarusha.

Mlango ukafungwa.

Na wa pili, na wa tatu, mpaka akaondolewa zamu ipite kwa wengine. Lakini ile minane ya mwanzo ilikwishaandikwa. Majina yaliposomwa, lake halikuwemo. Alikaa chini akalia, na mimi nikamwendea baba yake.

Yeye alikuwa anamtazama mwanawe.

"Mwalimu," akasema, "kilio hiki si kile."

"Si kile," nikasema.

"Huyu kakasirika." Akachukua mfuko wa glavu akautia begani. "Jumatatu atakuja."

Nilikuwa nimeshaanza kuwaza nitakavyomsimulia Fundi, hasa ile ya kunyanyua na kushusha, simu ilipolia. Ilikuwa mama yangu. Fundi ameanguka chumbani. Upande wa kulia wote haufanyi kazi.

Nitakwambia ya mwisho, ndiyo ninayoyaona kila ninapomkumbuka.

Ilikuwa miezi mitatu baadaye. Alikuwa amerudi kutoka hospitali, na bintiye amehamia kumtunza. Zuwena aliniomba tuende wote. Tukamkuta amekaa kwenye kiti karibu na mlango, mkono wa kulia umelazwa mapajani kama kitu alichoachiwa na mtu akishike. Maneno yalimtoka mazito, kwa vipande.

Bintiye akaja na kidonge. Sasa anakunywa kila siku, mbele ya macho yake. Fundi akakipokea kwa kushoto. Akakinyanyua, akakishusha, mara mbili, ndipo akakitia mdomoni. Nilitoka nje kidogo nikajifanya natafuta viatu vyangu.

Niliporudi, Zuwena alikuwa amekaa chini mbele yake. Ameleta ule mpira wa kabatini. Ulikuwa umechakaa, rangi imekwisha, mshono umekuwa mweusi. Akauweka kwenye kiganja cha kulia cha Fundi, akavifunga vidole juu yake kimoja kimoja. Ukaanguka, ukaviringika mpaka kizingitini. Akaurudisha. Ukaanguka.

"Tena," akasema Zuwena.

Ukaanguka.

"Mkono huu," akasema Fundi, "si wangu."

Zuwena akainua kichwa. Sikuwahi kumsimulia Fundi kwamba mtoto yule aliwahi kuyasema maneno hayo hayo. Nje, kichochoroni, mtu alipita na baiskeli akipiga kengele.

Kwenye ukuta wa mlango, chini kidogo ya dirisha, lipu ilikuwa imebanduka, imeliwa na chumvi. Fundi alikaa siku zote akiitazama. Bintiye aliniambia hilo ndilo linalomuudhi kuliko maradhi. Na pembeni palikuwa na ndoo ya chokaa aliyoichota mwenyewe kwenye pipa kabla hajaanguka, bado iko laini chini ya maji yake.

"Mwiko," akasema.

Zuwena akenda akachukua ule wa zamani ukutani.

"Sio huo. Chini."

Akapiga magoti akaingiza mkono uvunguni, akatoa bunda jeupe. Akanitazama. Fundi akaitikia kwa kichwa kwamba afungue. Chuma kikatoka safi, kinaakisi mwangaza wa mlangoni, baada ya miaka sijui mingapi.

"Fundi," nikasema, "ulisema wa kazi kubwa."

Alikuwa anamwonyesha Zuwena, kwa kushoto, mahali pa kumwagia maji kwanza.

Alipaka vibaya, masikini. Chokaa ilimwangukia miguuni, ikamwingia mikono ya gauni. Fundi akatoa maneno kwa tabu, moja moja, na kila moja lilikuwa na mwiba wake. "Hivyo... ndivyo... mnavyopaka siagi... kwenu?" Zuwena akacheka. Akakwangua, akapaka tena. Akakwangua. Mara ya tatu ikashika, ikalala. Haikuwa nzuri, lakini ilishika.

Niliungojea ule "haya". Haukuja.

Zuwena akauosha mwiko kwa maji ya ndoo, akaukausha kwa upindo wa gauni lake. Akakiokota kile kitambaa cheupe, akakitandaza sakafuni, na kwa heshima kabisa akauweka mwiko katikati ili aufunge kama ulivyokuwa.

"La," akasema Fundi.

Akasita, pindo la kitambaa liko mkononi.

Fundi akanyoosha mkono wa kushoto, akaonyesha msumari wa ukutani, ule wa mwiko wa zamani. Kisha akaonyesha kitambaa.

"Hicho," akasema, "futia mikono."